Maswali na majibu: Herufi moja ya p53 na mahindi yenu yenye ukungu

Jeni ina maelfu ya herufi. Inakuwaje ikibadilika moja tu mtu apate saratani ya ini? (Mwanafunzi wa kidato cha sita, Moshi)

Moja peke yake haitoshi, mwanangu. Saratani hutaka makosa kadhaa yanayorundikana kwa miaka. Ila umeuliza vizuri, kaa nikueleze.

Andika “Baba amefika”. Sasa badilisha herufi moja: “Baba amezika”. Bado ni Kiswahili safi, hakuna neno lililokatika, lakini aliyekuwa anabandika chai sasa anauliza nani kafa. Seli nayo husoma herufi za jeni tatu tatu, na kila tatu huita asidi amino moja, yaani tofali moja la kujengea protini. Kwenye p53, jeni ya protini inayoilinda seli isigeuke saratani, nafasi ya 249 imeandikwa AGG, yaani asidi amino iitwayo arginini. G ya mwisho ikigeuka A hupotezi kitu, kwa sababu AGA nayo ni arginini. Ikigeuka T unapata AGT, na hiyo ni serini.

Arginini ni ndefu na ina chaji chanya. Pale ilipo hukaza vitanzi vya protini jirani kabisa na sehemu inayoshika DNA. Serini ni fupi, chaji haina. Vitanzi vinalegea, protini inashindwa kuishika DNA, na zile jeni ambazo zingeiamuru seli mbovu isimame au ijiue haziamshwi.

Si nina nakala mbili, ya baba na ya mama? Nzima haiwezi kuziba pengo? (Wengi, tena kila mwezi)

Kwa jeni nyingi za ulinzi, ndiyo. Mtafiti Knudson alilionyesha hilo mwaka 1971 kwa saratani ya jicho ya watoto: mpaka zife zote mbili. Lakini protini za p53 hufanya kazi zikiwa nne zimeshikana, kama watu wanne waliobeba kitanda cha mgonjwa. Nusu ya wabebaji wakiwa vilema na mkawapanga bila kuchagua, ni kundi 1 kati ya 16 litakalokuwa na wazima watupu. Ndiyo maana protini iliyoharibika inaweza kuwa na hasara kuliko isiyotengenezwa kabisa. Kibarua asiyekuja kazini ana nafuu kuliko anayekuja kuharibu. Na mara nyingi nakala ile nzima nayo hupotea baadaye.

Nina kitabu kinachosema p53 huchochea saratani. Kweli? (Arusha)

Kitabu chako ni cha zamani. Protini hii iligunduliwa 1979, na kwa miaka kumi wataalamu walidhani ni mchochezi, kwa kuwa nakala walizokuwa nazo maabara zilikuwa tayari zina kasoro. Mwaka 1989 ndipo ikajulikana kuwa ile nzima ni mlinzi.

Saratani ya ini inaambukiza?

Hapana. Virusi vya homa ya ini B ndivyo vinavyoambukiza, navyo huileta. Nenda kapime, acha kuniuliza.

Mahindi yameshika ukungu kidogo. Nikiyaosha na kuyapika sana, si yanafaa? (Mama wa watoto watatu, Kibaigwa)

Hayafai, dada yangu. Sumukuvu, yaani sumu ya huo ukungu, haifi kwa moto wa ugali. Mwaka 2004 huko Ukambani, Kenya, waliugua watu 317 wakafa 125, na hao ni waliokula nyingi kwa mpigo. Anayekula kidogo kidogo haumwi leo. Ini lake, katika kuihangaikia sumu, huigeuza kuwa kali zaidi. Inanasa kwenye herufi G ya jeni, na seli inapojinakili G inasomwa T. Ndiyo AGT ile ile ya nafasi ya 249. Mwaka 1991 ilionekana kwenye uvimbe wa ini wa wagonjwa wa Qidong, China, na wa kusini mwa Afrika. Ukiwa na homa ya ini B juu yake, hatari inazidishwa.

Anika juu ya turubai, si chini. Kisha chukua chupa kavu, tia punje na chumvi kavu, tikisa, acha itulie. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado mabichi, usiyatie kwenye gunia. Na hayo yaliyooza usimpe ng’ombe ukidhani umeokoa kitu, sumu itakurudia kwenye maziwa. Wala usipikie pombe. Nawajua mnaofanya hivyo.

Kuna unga wa kusafisha jeni, elfu thelathini. Niununue?

Mwizi huyo.

Ni kweli tembo hapati saratani? (Morogoro)

Hupata, ila mara chache kwa mwili ule. Pale sisi tuna nakala moja ya p53 kutoka kwa kila mzazi, yeye ana 20, ingawa nyingi zimekatikakatika. Halafu mahindi yenu huyala yakiwa bado shambani.