Eti Mchicha Nao Unaumia? Kwa Wanaotaka Kuacha Nyama

Kuna kijana wa Morogoro amenitumia ujumbe juzi. "Dada shikamoo. Unatuhubiria huruma kwa kuku, mchicha nao si una uhai? Tofauti yako na muuza bucha ni ipi?" Akamalizia na vile vikatuni vya kucheka mpaka machozi.

Marahaba mdogo wangu. Swali lako si geni. Aliyeniuliza kwanza ni baba mdogo, Krismasi, nyumbani Kilimanjaro, ukoo mzima umekaa. Wachaga wenzangu mnaijua Desemba yetu: mbuzi akianguka, kila kiungo kina mwenyewe, na kukataa fungu lako ni kama kuukataa ukoo. Shangazi akanisogezea bakuli la kisusio, ile supu yetu ya damu na nyama ya mbuzi. Nikamwambia ahsante shangazi, siku hizi sili nyama. Baba mdogo akadakia: "Mjini wamekuharibu! Na hiyo mboga yako, huwa unaichinja kwa dua gani?" Watu walicheka hadi mbege ikamwagika. Nami nikacheka, ningefanyaje? Ila mpaka leo nikikumbuka nawaka.

Walichokuwa hawajui ni kwamba mimi sikuacha nyama kwa kusoma mitandaoni. Nilikuwa mfugaji wa broila, kuku wa nyama, banda langu lilikuwa Kimara, Dar es Salaam, nyuma ya nyumba, na nilikuwa mzuri, nasema bila aibu. Vifaranga wa siku moja wanaingia kwenye bruda, chumba chao cha joto, unakesha na jiko la mkaa, wiki ya kwanza chanjo ya kideri, kisha Gumboro, na ndani ya wiki tano au sita mzigo unatoka. Hoteli zilinipigia simu zenyewe. Wadogo zangu wamesoma kwa kuku wale.

Tatizo lilikuwa ile wiki ya mwisho. Broila mbegu yake imechaguliwa anenepe haraka, kwa hiyo kifua kinawahi na miguu inabaki nyuma. Unaingia bandani asubuhi unamkuta mmoja amelalia kifua kwenye maranda, chombo cha maji kiko hatua mbili mbele yake, anakitazama. Hawezi kukifikia. Unamsogezea, anakunywa kwa pupa, na ukimshika moyo unakimbia ndani ya kiganja chako. Vijana wa kuchinja wakiingia alfajiri, waliobaki wanakimbilia kona moja na kulaliana mpaka wa chini wanakosa pumzi. Nimewatoa kwa mikono hii. Siku moja nilitoka kuwatoa, nikaingia jikoni, nikashindwa kula mchuzi. Nyama sikuirudia tena.

Sasa pembeni ya banda lile lile nilikuwa na tuta la mchicha, ninautilia mbolea ya kuku hao hao. Unakata kwa juu, unaacha kisiki, unamwagilia, baada ya siku kadhaa unachipua tena, na mara nyingine mnene kuliko mwanzo. Mimi nimeshika kuku na nimeshika mchicha, na hakuna atakayenidanganya kwamba ni kitu kimoja.

Najua utasema mimea nayo ina hisia. Ina namna yake, sikatai. Kifauongo ukikigusa kinajikunja. Mmea wa mahindi ukiliwa na viwavi hutoa harufu inayowaita nyigu wadogo waje kuwashambulia viwavi hao. Watafiti wa ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu, kule Mbita, Kenya, wamejenga kilimo kizima juu ya harufu za mimea: unapanda desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde, katikati ya mahindi kuwafukuza nondo wa funza wa mabua, na majani ya tembo pembeni kuwavuta. Lakini kuitika si kuumia. Mmea hauna neva wala ubongo, hakuna mahali pa maumivu kukaa. Na maharage unayokula, mmea wake umeshakauka wenyewe shambani kabla hujaung'oa. Embe nalo ndiyo kabisa, mti umelitia utamu ili liliwe na kokwa lipelekwe mbali.

Halafu tupige hesabu ya mfugaji. Broila wangu wa kilo 2 alikuwa ameshakula zaidi ya kilo 3 za chakula: mahindi, soya, mashudu ya alizeti, na dagaa. Mtoe manyoya, damu na utumbo, unabaki na kama kilo moja na nusu, mifupa ikiwemo. Ng'ombe wa kunenepeshwa kwa nafaka ndiye mla mimea hasa. Kwa hiyo anayeyahurumia mahindi na awe wa kwanza kuacha kuku wa chipsi! Wanaolichukulia swali lako kwa uzito wapo, Wajaini, watu wa dini moja ya kale ya India, na hekalu lao la marumaru nyeupe liko Mombasa, Mji wa Kale. Mjaini mshika dini haachi nyama tu, anaacha hata viazi, karoti na vitunguu, kwa sababu ukichimba mzizi umeua mmea mzima na vidudu vya udongoni. Hawakuona uhai wa mchicha wakaamua basi tuchome mbuzi.

Hata wanaochinja wanaijua tofauti hii. Mtume ameagiza Waislamu wachinje vizuri, wanoe kisu na wamstareheshe mnyama. Sijasikia popote mtu akiagizwa aistareheshe kabichi.

Mmasai wa Simanjiro simgusi. Ng'ombe wake anakula nyasi ambazo mimi na wewe hatuwezi kuzila, kwenye ardhi ambayo mahindi yanakauka mara kwa mara. Nasema na wewe wa mjini, uliyezungukwa na magenge, unayekula kuku kila siku kwa sababu ni mazoea. Wewe huna kisingizio.

Unaanzaje? Usitangaze. Punguza siku kwa siku. Jaza sahani kwa kunde, choroko, njugu mawe, maharage ya nazi. Mboga za majani uzile na ndimu au chungwa, madini ya chuma yanaingia vizuri mwilini, na chai iache mpaka chakula kishuke. Vitamini B12 haipatikani kwenye mimea, hilo lisikupite: kula mayai na maziwa, na kama umeviacha navyo, nunua vidonge. Usisikilize wanaosema mchicha unatosha kwa kila kitu.

Kazi kubwa ni sherehe. Harusini mtafute mama wa mapishi mapema, umwombe akuwekee wali na maharage kabla mwiko haujapita kwenye mchuzi wa nyama. Bibi harusi usimsumbue, ana yake. Ukiulizwa, sema "sili", ukisema "siwezi" watakutafutia dawa. Usimhubirie mtu mwenye mfupa mdomoni, hata akuchokoze vipi. Na ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma, ikiingizwa kwa ngoma, simama upige makofi, uwape maharusi zawadi yao, kisha ukae ule wali wako.