Maswali ya Wasomaji: Mahasimu wa Kazini Wanaoishia Kupendana

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaandika riwaya ya mapenzi ya kuchekesha inayohusu mhasibu wa kike na afisa mauzo wa kiume wanaowania cheo kimoja cha umeneja. Katika sura tano za mwanzo wanarushiana vijembe, kisha katika sura ya sita lifti inakwama wakiwa ndani yake na wanabusiana. Rafiki zangu waliosoma mswada wanasema hawayaamini mapenzi hayo. Je, niongeze mahaba au nipunguze ugomvi?

JIBU: Usifanye lolote kati ya hayo mawili. Lifti hiyo, kwanza, imekwama katika hadithi nyingi mno hata nashangaa haijapelekewa fundi, lakini tatizo lako limeanza mapema zaidi. Unasema wanarushiana vijembe, ila hukueleza vijembe hivyo vinahusu nini. Ikiwa mhasibu anaicheka tai ya mwenzake, naye anajibiwa kwa kuchekwa viatu vyake, maneno hayo yangeweza kusemwa na yeyote aliyepita mlangoni. Kijembe kinachofaa katika hadithi ya aina hii ni kile ambacho kingetungwa tu na mtu aliyekuwa akimtazama hasimu wake kwa makini kuliko anavyothubutu kukiri: anajua kwamba mwenzake huanza kusoma ripoti kwa ukurasa wa mwisho, na kwamba husema “tutaona” kila anapozidiwa hoja. Msomaji akisikia hayo atayagundua mapenzi kabla ya wahusika wenyewe, na kicheko kitatokana na jinsi wanavyoendelea kukana jambo ambalo sisi tumekwisha kuliona.

Ufundi huo ni wa zamani. Katika tamthilia ya Shakespeare iitwayo Much Ado About Nothing, iliyochapishwa mwaka 1600, maneno ya kwanza kabisa ya Beatrice ni kuuliza kama Benedick, hasimu wake ambaye wataishia kupendana, amerudi kutoka vitani. Anamtaja kwa jina la dhihaka, ni kweli, lakini hakuna mtu mwingine aliyekuwa amemtaja.

Jambo la pili ni kwamba uhasama wao uzaliwe na kazi yenyewe. Katika filamu ya Ernst Lubitsch ya mwaka 1940, The Shop Around the Corner, Klara anaingia katika duka moja la Budapest kutafuta kazi, na Alfred, mfanyakazi wa duka hilo ambaye mwishowe watapendana, anamweleza kwamba hakuna nafasi. Klara anaipata kazi hiyo kwa kumuuzia mteja kasha la sigara lenye muziki, bidhaa ambayo Alfred alikuwa ameikataa mbele ya mwenye duka. Tangu hapo, kila asubuhi Alfred anafanya kazi pamoja na ushahidi wa kosa lake, na huyo ushahidi ana mdomo.

Kwa hiyo, kabla ya busu, andika tukio ambalo mmoja analazimika kuukubali uhodari wa mwingine akiwa peke yake, bila shahidi. Mhasibu wako anaweza kuona kosa katika makadirio ya hasimu wake usiku wa kuamkia siku ya kuyawasilisha. Angeweza kunyamaza na kumwacha aumbuke, lakini analirekebisha, kisha asubuhi anamlaumu kwa kumpotezea usingizi. Nakuhakikishia kwamba rafiki zako hawatauliza tena mapenzi yalitoka wapi.

SWALI: Utani wa mahasimu hugeuka unyanyasaji wakati gani?

JIBU: Pale ambapo mmoja hawezi kujibu. Ikiwa anayetaniwa anahofia kupoteza kazi, au anadhalilishwa mbele ya wenzake huku akiwa hana la kusema, hapo hakuna mashindano tena, na busu la sura ya mwisho halitalifuta tendo hilo.

SWALI: Nani apewe cheo mwishoni? Mimi ni yule yule wa lifti. Nilipanga mwanamke ajitoe ili kumwonyesha mwanamume kwamba anampenda.

JIBU: Ninakusihi usifanye hivyo. Umetumia kurasa mia mbili kutuaminisha kwamba mwanamke huyo anakitaka cheo hicho na anakistahili. Akikitupa kimyakimya, utakuwa umemwondoa mtu yule yule ambaye mwanamume alimpenda. Wala usimlete mkurugenzi agundue ghafla kwamba kuna nafasi mbili, kwa maana huo ni ujanja wa mwandishi aliyechoka. Mmoja ashinde kwa haki, na aliyeshindwa akasirike kikweli kwa muda wa sura nzima, asipokee simu, apongeze kwa barua rasmi yenye mistari miwili. Kumbuka pia kwamba mshindi sasa atakuwa mkubwa wa mpenzi wake, atampangia kazi na kumpima utendaji, na wenzao watanong’ona. Basi aliyeshindwa awe na pa kwenda, idara nyingine au kampuni nyingine, na mahali hapo pawe pametajwa tangu sura ya tatu, tena na hasimu wake, kwa kejeli.