Maswali na majibu: sinema za wakati wa vita

Je, filamu ya propaganda lazima iwe ya uongo?
Hapana. Mwaka 1916 katika Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walionyesha filamu The Battle of the Somme huku mapigano yenyewe yakiendelea Ufaransa, na mamilioni wakajaa kumbini. Kipande maarufu, askari wakipanda kutoka handakini na mmoja wao akiporomoka, kiliigizwa mbali na risasi. Majeruhi na maiti wengine walikuwa wa kweli. Hapo ndipo pagumu: aliyekwisha kumwona majeruhi wa kweli atashuku nini tena?

Kwa nini filamu za Marekani zina picha za Wanazi wenyewe?
Katika Vita Kuu ya Pili, mwongozaji filamu Frank Capra, aliyepewa na jeshi la Marekani kazi ya kuwaeleza askari sababu za vita, alichukua vipande vya filamu za adui, zikiwemo za Leni Riefenstahl, mwongozaji aliyewatengenezea Wanazi filamu, akabadili maneno. Gwaride lililowatia Wajerumani fahari likawatia Wamarekani hofu.

Na huku kwetu Afrika tulionyeshwa nini?
Mwaka 1939 serikali ya Uingereza iliunda Colonial Film Unit, kitengo cha filamu za makoloni, ili Waafrika waelezwe vita na waviunge mkono. Magari ya sinema yalizunguka vijijini yakiwa na mashine na pazia. Filamu nyingi hazikuwa na sauti, kwa hiyo mkalimani alisimama na kipaza sauti akieleza kwa lugha ya wenyeji. Nadhani nguvu kubwa ilikuwa kinywani mwake kuliko kwenye pazia.

Mkuu wa kitengo, William Sellers, alishikilia kwamba Mwafrika hawezi kufuata filamu ya kasi, basi kila kitu kiende polepole. Dharau hiyo inaniuma hadi leo. Miaka hiyohiyo Waafrika wa KAR (King's African Rifles), jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki, walikuwa Burma wakipigana, wakiendesha malori na kupokea ujumbe wa redio.

Kuna propaganda iliyoshindwa kabisa?
Filamu ya Kijerumani Kolberg. Goebbels, waziri wa propaganda wa Wanazi, aliiagiza mwaka 1943: mji wa Kijerumani unakataa kusalimu amri mbele ya jeshi la Napoleon. Askari walitolewa kwenye majukumu yao wakaigize. Ilizinduliwa tarehe 30 Januari 1945, Berlin ikiwa tayari magofu. Machi mji wa Kolberg wenyewe ukatekwa, na Goebbels akahakikisha taarifa ya vita haiutaji.