Muulize Fundi: Yamaha ya babu imelala stoo

Fundi shikamoo. Babu katuachia Yamaha AG100, imekaa stoo miaka mingi, kiki haishuki kabisa na tenki lina kutu. Jamaa wa chuma chakavu anaitaka, nimpe? (Msomaji, Singida)

Marahaba mjukuu wangu. Usimpe! Na hiyo kiki acha kuikanyaga, utavunja kitu bure. Toa plagi, mimina oili kidogo kwenye silinda, iache siku mbili tatu, halafu tia gia kubwa uisukume mbele na nyuma taratibu mpaka pistoni iachie, ikigoma basi fungua silinda uangalie ringi za pistoni, huenda zimeshikana na kutu.

Tenki jaza siki usiku kucha, suuza, kausha hapohapo maana kutu inarudi fasta. Kabureta fungua yote, jeti (vile vitundu vidogo vya kupitisha petroli) zipulize kwa upepo, usizichokonoe na waya.

Sasa hapa ndo wengi wanaunguza injini: hiyo ni tustroki, yaani injini inayochoma oili pamoja na petroli, ina tenki lake la oili na pampu inayopeleka oili yenyewe, na pampu iliyolala miaka yote hiyo mi siiamini. Petroli ya mwanzo changanya mwenyewe, lita 1 kwa mililita 40 za oili ya tustroki, itatoa moshi majirani walalamike, wavumilie tu. Sili za krenki (mipira inayoziba pande mbili za shafti ya injini) nazo badilisha, zikikauka injini inavuta hewa pembeni, inachemka mpaka pistoni inaungua.

Rangi baadaye. Ila kadi ya pikipiki mnayo? Itafuteni leo.