Baada ya hifadhi, kwa gari au kwa ndege?

SWALI: Mhariri, mimi na mke wangu tunatarajia kuzuru hifadhi za Kanha na Bandhavgarh, katika jimbo la Madhya Pradesh nchini India, mwishoni mwa Machi. Baada ya hapo tungependa kukodi gari na kupita vijijini hadi Khajuraho, mji wa mahekalu. Wenzetu wanatushauri turudi Jabalpur tukapande ndege ya Delhi, kwa maelezo kwamba nje ya hifadhi hakuna cha kuona. Je, safari hiyo ya barabara ina maana, na ni salama?

JIBU: Ndugu msomaji, nendeni kwa gari. Kutoka lango la Tala, Bandhavgarh, hadi Khajuraho kwa kupitia Satna na Panna ni zaidi ya kilomita 200, nanyi mtahitaji saa tano au sita za mwendo wa kutulia, mbali na mapumziko. Wanaosema kwamba hakuna cha kuona wameyatenga maisha ya simbamarara na maisha ya wanadamu wanaopakana naye, na ukiyatenga hayo hutaielewa hifadhi yoyote ya India.

Mwishoni mwa Machi ndipo maua ya mti wa mahua huanza kuanguka kwa wingi. Wanawake na watoto hutoka alfajiri na vikapu kuyaokota, kwa kuwa huanguka usiku na kuelekea mapambazuko. Ni maua manene, yenye utomvu mtamu na rangi ya maziwa mazito, na baadaye mchana mtayaona yameanikwa uani yakigeuka kuwa ya kahawia kama zabibu kavu. Huliwa, huuzwa, na hutengenezwa pombe. Lakini dubu naye huyapenda, na simbamarara hupita katika misitu hiyohiyo saa zilezile, kwa hiyo kikapu kimoja cha mahua huokotwa kwa tahadhari ambayo mgeni aliyeketi ndani ya jipu la utalii hawezi kuihisi. Mashambani nako mtaona madungu ambayo wakulima hukesha juu yake, wakilinda ngano na dengu zisiliwe na nguruwe mwitu na wale swala wakubwa waitwao nilgai. Mimi huamini kwamba sifa ya kumhifadhi simbamarara ni ya watu hawa kabla ya kuwa ya mtu mwingine yeyote, maana ndio wanaolipa gharama yake kila msimu.

Kuna sababu nyingine ya kuipenda njia hiyo. Mnapokaribia Khajuraho, barabara hupita katika msitu wa Hifadhi ya Panna na kuvuka mto Ken pale Madla. Kufikia mwaka 2009 Panna haikuwa na simbamarara hata mmoja, na ujangili ulikuwa chanzo kikubwa cha maangamizi hayo. Mwaka huohuo wahifadhi walileta jike mmoja kutoka Bandhavgarh na mwingine kutoka Kanha, yaani hifadhi mbili mtakazokuwa mmetoka, kisha dume kutoka hifadhi nyingine, Pench. Dume huyo hakukubali makao mapya. Alitoka Panna akaelekea kusini, upande wa kwao, na wahifadhi wakamfuata kwa wiki kadhaa, wakipita naye mashamba na vijiji, mpaka walipomlaza kwa dawa ya usingizi na kumrudisha. Aprili 2010 jike wa Bandhavgarh alizaa, na leo Panna ina simbamarara wengi tena.

Kuhusu usalama, kodini gari pamoja na dereva mwenyeji. India huendesha upande wa kushoto, lakini hilo lisiwadanganye: barabara za vijijini hushirikiwa na ng'ombe, pikipiki zilizobeba familia nzima, na matrekta yanayokokota matela ya ngano, mengi yakiwa hayana taa za nyuma. Kwa sababu hiyo msisafiri usiku kabisa. Ondokeni asubuhi baada ya kifungua kinywa ili mfike jua lingalipo, na kabla ya kulipa chochote, kubalianeni na mwenye gari kuhusu mafuta, ushuru wa barabara, na mahali dereva atakapolala. Wekeni noti ndogo za rupia kwa ajili ya chai na mlo wa dengu na roti katika mikahawa ya kando ya barabara iitwayo dhaba. Chagueni ile iliyojaa madereva wa malori, kwa kuwa chakula chake hakilali. Mkitaka kumpiga mtu picha, muombeni kwanza, hasa wanawake walioko kazini.

Mahekalu ya Khajuraho, yaliyojengwa na watawala wa Chandela zaidi ya miaka 900 iliyopita, yanastahili siku yake, basi msiyabane na ziara ya Panna. Na mkiamua kuingia Panna, jihadharini na Jumatano: alasiri ya siku hiyo hifadhi za Madhya Pradesh hazipokei wageni.