Mtu hafui saa tisa usiku kwa starehe

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii nililisoma nimesimama, simu mkono wa kushoto, mwiko mkono wa kulia, na kabla sijafika mwisho uji ulikuwa umeshafurika na kuzima nusu ya mkaa. Mmeuliza: "Katikati ya kazi za nyumbani na mawazo ya familia, kila siku unashukuru nini, na nani anakushika mkono?" Chini yake mkatushauri tuweke daftari karibu na mto, ili kila asubuhi kabla ya kushuka kitandani tuandike mambo matatu ya kushukuru.

Kabla ya kushuka kitandani! Mimi kitandani huwa sishuki, natolewa. Ananitoa mama mkwe anayegonga ukuta kwa fimbo, na asipogonga inanitoa harufu.

Nilitaka kuwajibu kwa ukali kwamba shukrani za daftari ni za wenye dada wa kazi wawili na mashine ya kufulia. Niliandika hivyo kabisa, nikafuta, maana nilijiona naongopa. Kumshukuru Mungu asubuhi kwa pumzi hakujawahi kunishinda, hata mlevi wa mbege anaweza. Kinachonishinda mimi ni kumshukuru mtu, hasa mtu aliyeingia ndani kwangu akaona. Naomba mniruhusu nijibu hilo. Lenu watalijibu wengine.

Nimeolewa na kitinda mimba. Wachagga wenzangu wameshaelewa, wanaweza kuishia hapa wakanipa pole. Kwa wengine: kwetu mtoto wa kiume wa mwisho ndiye anayebaki na nyumba ya wazazi na kihamba chake, yaani shamba la migomba la ukoo, na wazazi nao wanabaki naye. Mume wangu alirithi migomba ya Kibosho, mimi nikamrithi mama yake. Alipopata kiharusi, Septemba 2023, tulimshusha hapa Pasua, Moshi mjini, ili awe karibu na mazoezi ya viungo. Upande wa kulia ulikuwa umelala wote, mdomo umepinda, maneno yanatoka kama yanapita kwenye pamba. Mume ni dereva wa lori, Dar kwenda Tunduma, kwa mwezi namwona mara mbili. Mawifi wako Dar. Kwenye grupu la ukoo wanatuma ile mikono iliyokutanishwa, na Desemba wanapanda wote na magari yao, wanamvisha Mama kitenge kipya, wanapiga naye picha, wanachinja mbuzi, na tarehe mbili Januari barabara inawachukua. Sisemi hawatumi hela. Wanatuma. Hela haimgeuzi mtu kitandani.

Msaada mwingine ninao, nisiwe mwongo. Kikoba chetu, kile kikundi cha kuweka na kukopa, kinakutana kila Alhamisi, na kwenye mfuko wa jamii tulikubaliana anayeuguza mzazi au mkwe apewe elfu hamsini. Nilipewa, nikasaini, mweka hazina akafunga sanduku. Jumuiya nao walikuja mara mbili kusali, wakaleta sukari na sabuni za mche. Hapo nilisema asante bila kigugumizi, kwa sababu najua siku ya mwenzangu itafika nami nitabeba sukari. Ni kama zamu ya mfongo, mfereji wa kumwagilia, kule mlimani: leo maji yanaelekea shambani kwako, kesho kwa jirani yako, na hakuna anayeona haya kupokea maji ya zamu yake.

Ulioniuma ni msaada usio na zamu. Na aliyeuleta ni mtu ambaye tulikuwa hatusalimiani.

Nitamwita jirani tu, maana binti yake huwa anawasoma. Ni Mpare wa Mbaga, na utani wao na sisi mnaujua, sitaurudia. Tuligombania mfereji. Alipojenga banda la kuku aliuhamisha mkondo wa maji, mvua ya kwanza ikaingia yote uani kwangu, nami nikatoa maneno ambayo mwanamke aliyelelewa Uru hayatoi. Tukafikishana kwa balozi wa nyumba kumi. Balozi akanywa soda za pande zote mbili, akasema ataliangalia. Kuanzia Novemba hadi Aprili tukawa tunapishana kichochoroni kila mmoja akitazama kandambili zake.

Masika ya 2024 mliokuwa Moshi mnaikumbuka. Mlima Kilimanjaro una mita 5,895 na bado kwa siku nyingi hatukuuona hata kivuli. Dada wa kazi alikuwa ameaga Pasaka kwenda kusalimia kwao Singida, na akasalimia moja kwa moja. Nilikuwa na shuka nane. Jua likiwepo, nane ni nyingi. Lakini mvua ikinyesha siku nne mfululizo, mgonjwa analowesha mara mbili au tatu kwa usiku, pampasi za wazee zimekwisha na duka la karibu hawana saizi yake, shuka nane ni kama leso. Nilizitandaza kwenye migongo ya viti, juu ya mlango, na kwenye kamba niliyoivuta kutoka msumari wa kalenda hadi nondo ya dirisha. Hazikauki. Zinaacha tu kudondosha. Nyumba ikashika ile harufu ambayo mgeni akiingia anapumulia mdomo huku anatabasamu. Umeme ulikuwa umekatika tangu jana yake. Usiku ule wa nne, shuka zote zikiwa mbichi, nilivua kitenge nilichojifunga nikamtandikia.

Kulipokucha nilikaa kwenye ndoo niliyoigeuza, koridoni, sifanyi kitu chochote. Sikuwa nalia. Mkaa ulikuwa umelowa, unatoa moshi.

Akaingia bila kusubiri karibu. Amevaa buti za mvua, mwavuli umevunjika kijiti kimoja, mkononi ameshika pasi ya mkaa, ile ya chuma yenye kijogoo cha kufungia mfuniko, na kwapani kipande cha jani la mgomba.

"Ziko wapi?"

"Nini?"

"Shuka, mama Glory."

Nikamwambia hakuna shida, jua litatoka. Mvua ilikuwa inapiga bati kiasi kwamba ilibidi nipaze sauti ndipo asikie kwamba jua litatoka. Akaniangalia tu.

"Wiki nzima nakusikia unafua," akasema. "Mtu hafui saa tisa usiku kwa starehe."

Akachukua makaa mekundu kwenye jiko langu, akajaza pasi, akapuliza vile vitundu vya ubavuni mpaka majivu yakamrukia kwenye kope. Meza ya kulia akaitandika blanketi. Akaipitisha pasi juu ya jani la mgomba mara mbili, ikalia chwiii, jani likageuka kahawia na chumba kikanukia kama pale ndizi inapoanza kuungua kwenye jivu. Ndipo akavuta shuka ya kwanza. Mvuke ulipanda hadi kioo cha dirisha kikafunga ukungu. Upande huu, upande ule, pindo, kisha kona. Kona alizirudia kila mara, alisema kona ndizo zinazodanganya, unadhani shuka imekauka kumbe kona zinasubiri kuinukisha yote kabatini. Pasi ikianza kupoa anatoka nayo barazani, anaipepesua huku na huku kama anayebembeleza mtoto, makaa yanapata upepo, anarudi. Tuliongea kidogo sana. Bei ya mkaa. Kama kuku wanataga na baridi ile. Mfereji hakuna aliyeutaja, ingawa ulikuwa unasikika vizuri, unamwaga uani kwangu palepale nje ya dirisha.

Alikuwa kwenye shuka ya tano. Mlango wa chumbani uko wazi. Mama akasema kutoka kitandani:

"Aika, mae."

Kwa Kichagga, asante, mama. Miezi saba maneno yake tulikuwa tunayakisia kama vitendawili, na hayo mawili yakatoka yamenyooka, kana kwamba alikuwa ameyatunza mahali. Jirani akageuka kumtazama, na pasi akaiacha imekaa. Alipoinyanyua, katikati ya shuka yangu ya maua ya zambarau palikuwa na pasi ya pili, ya kahawia, hadi ncha yake.

Sasa sikilizeni nilichosema mimi. Sikusema "Mama kaongea!" Sikusema asante. Nilisema, "Umeniunguzia shuka."

Asante ya punda ni mateke, na siku ile kwato zilikuwa zangu.

Hakunijibu. Alimalizia tatu zilizobaki, akazikunja zote vizuri, akamwaga majivu chini ya mpapai wangu. Mlangoni akanikumbusha nisimtandikie Mama shuka ikiwa bado ya moto, ngozi yake ni laini. Akaondoka. Jani la mgomba alilisahau mezani.

Nimelifikiria neno langu lile kwa miaka miwili. Shuka yenyewe haikuwa na thamani, ni mtumba wa soko la Memorial. Kilichoniuma ni ile aika. Mimi ndiye ninayemwogesha, ninayemlisha mtori kwa kijiko cha chai, ninayejua kidonda cha mgongoni leo kimefikia ukubwa wa sarafu ipi. Mimi hajaniambia aika mpaka leo hii ninavyoandika. Mimi huniambia, "Umechelewa." Nilipomsimulia mume wangu kwenye simu, alicheka. "Wewe ni wa humu," akasema. "Anashukuriwa mgeni." Najua ndivyo tulivyolelewa, na ukiliangalia kwa upande mwingine ni heshima, kwamba amenihesabu wa kwake. Ila na mimi ningependa kuwa mgeni walau Jumamosi.

Halafu kuna lile jingine, ambalo kulisema ni vigumu zaidi. Wa kikoba waliona jina langu kwenye daftari. Huyu aliona godoro. Mchagga aliyekosana na mwenzake angekuja na jani la isale mkononi, ndilo letu la kuombea msamaha, na ukishaletewa isale huna ruhusa ya kukataa, unajua la kufanya na mikono yako. Huyu alikuja na jani la mgomba na pasi ya moto, hakuomba msamaha wala hakuniomba mimi niombe, nami sikujua naipokea vipi. Nikashika kile kilichokuwa rahisi kushika, yaani alama ya kuungua.

Siku hizi tunasalimiana. Kesi kwa balozi ilikufa yenyewe. Mfereji haujahamishwa, na sitawadanganya, mvua ikinyesha bado namsema moyoni. Mwishoni mwa mwaka jana alikuja kuazima sufuria langu kubwa kwa ajili ya ubarikio, yaani kipaimara, wa mwanawe. Nikampa kabla hajamaliza kuomba, na mwiko wake juu, na siku yenyewe nilikuwa kwake tangu saa kumi alfajiri namenya ndizi za machalari hadi vidole vikawa vyeusi kwa utomvu. Labda asante yangu ilikuwa hiyo. Lakini sufuria lilirudi Januari, tena limebonyea, kwa hiyo hesabu zetu sijui zimekaaje.

Sasa niwajibu na nyinyi. Barua hii nimeiandika kwa siku tatu, vipande vipande, na siku ya kwanza nilikuwa nawapinga. Jana mchana Mama akiwa amelala nilichukua daftari la kikoba, nikafungua ukurasa wa nyuma, nikajaribu. Mkaa umewaka haraka. Mama amemaliza mtori wote. Kijana amepata sabini na moja ya hesabu. Yakawa matatu kweli, na sikupenda jinsi nilivyojisikia vizuri. Basi ushauri wenu naona unafaa, lakini kwa mtu aliyelala, na kwa mwenye kuuguza iwe ni kiangazi. Aliyeamka saa tisa kufua msimpe daftari. Muulizeni shuka ziko wapi. Na kama hamna pasi, msimuulize. Hili la mwisho nalisema kwa hasira kidogo, mnaweza kulitoa. Au liacheni.

La nne nililoliandika ni jina la jirani. Nikakumbuka katibu atalifungua daftari lile Alhamisi mbele ya watu, nikalikata kwa kalamu hadi karatasi ikatoboka.

Mvua zimeanza tena, ila leo asubuhi mlima umefunguka, kilele cha Kibo chote nje hadi kwenye saa tatu, nami nikatoa shuka zote. Ile yenye alama huwa naianika pasi ikiangalia ndani kwangu. Leo nimeigeuza. Jirani amepita na ndoo ya pumba za kuku, ameiona, nina hakika ameiona, kwa sababu amesimama pale muda mrefu kidogo kuliko inavyohitajika kubadilisha mkono wa ndoo.

"Mama Glory," akasema, "uanue mapema. Mawingu hayo yanapanda kutoka TPC, kule kwenye miwa."

Mama Glory
Pasua, Moshi