Machozi ya mimba yangu na kilio cha mwanangu

Juzi usiku msomaji mmoja aliniandikia: "Mwanangu ana wiki tano, analia kuanzia jioni mpaka usiku wa manane. Wifi yangu anasema ni kwa sababu nilikuwa nalia mimba nzima na nilikuwa sili. Ni kweli?" Nilisoma ujumbe ule mara tatu, nikaiweka simu kifudifudi. Maneno hayo hayo niliambiwa mimi miaka tisa iliyopita, na bado yananichoma.

Mimba yangu ya kwanza niliitaka mwenyewe, tena kwa kuiomba. Ndiyo maana hakuna aliyenielewa, hata mimi sikujielewa. Kuanzia mwezi wa nne nilikuwa nashtuka saa tisa usiku na kubaki macho mpaka kunakucha. Chakula kilikuwa kama pamba mdomoni. Asubuhi chai, mchana chai, usiku nasema nimeshiba. Vidonge vya kuongeza damu vilinitia kichefuchefu, nikavificha kwenye droo ya soksi, na kila nilipoulizwa kliniki nilijibu, "Nameza." Kipimo kikaniumbua: damu 8.9, wakati mjamzito hatakiwi kushuka chini ya 11. Muuguzi akanigombeza mbele ya foleni nzima: "Mnabeba mimba halafu mnadeka!" Nilicheka na wenzangu, kisha nikaenda kulia chooni.

Hakuna aliyeniuliza kwa nini sili.

Miezi iliyofuata nairuka, ilifanana yote. Akazaliwa binti, mzima, mwenye mapafu yake. Mgeni akimshika, kilio. Ukimvua nguo, kilio. Taa ikiwashwa, mikono juu na kilio. Siku moja mama mkwe, amempakata, akasema taratibu bila hata kunitazama: "Huyu kanyweshwa machozi tangu tumboni."

Basi nikaanza kusoma, kwa hasira zaidi kuliko kwa hamu ya elimu. Ukweli uko hivi. Mama akisongeka sana kwa muda mrefu, homoni ya msongo iitwayo kotisoli hupanda mwilini. Kondo la nyuma huvunja sehemu kubwa ya homoni hiyo kabla haijamfikia mtoto, ila si yote. Upungufu wa madini ya chuma na vitamini ya foliki asidi unahusishwa na sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, na sonona yenyewe inakata hamu ya kula, kwa hiyo mtu anazunguka palepale. Tafiti nyingi zimeona kwamba watoto wa mama waliopitia sonona wakiwa wajawazito huelekea kuwa wepesi wa kulia na wagumu kubembelezeka. Huelekea, si lazima wawe. Tena mara nyingi anayejaza fomu kuhusu hulka ya mtoto ni mama yule yule ambaye hajalala wiki nzima, na sijui nani angemwona mtoto wake mtulivu katika hali hiyo. Halafu kuna hili ambalo mama mkwe hakuambiwa: kilio cha mtoto mchanga, awe wa nani, kwa kawaida hupanda hadi kufikia kilele karibu na wiki ya 6, kisha hupungua kufikia mwezi wa tatu au wa nne.

Mimba ya pili sikungoja. Hudhurio la kwanza tu nikamwambia mkunga, "Mara ya kwanza niliugua moyo." Akanipa karatasi ya maswali 10 ya kupima sonona, yale yaliyotungwa Edinburgh, Uskoti, mwaka 1987, yanayouliza umejisikiaje siku 7 zilizopita. Swali la kwanza ni kama bado unaweza kucheka. La mwisho ni kama umewahi kufikiria kujidhuru. Hapo kalamu ilisimama. Mkunga akaona, akainuka, akafunga mlango.

Nilipata mshauri, kila wiki. Chakula nikakifanya kama dawa: yai la kuchemsha saa nne, njaa iwepo isiwepo. Vidonge nikavihamishia usiku, na tunda chachu pembeni, chai mbali navyo kwa saa mbili. Damu ikafika 11.6. Kadi ile ninayo mpaka leo, na ndiyo, naionyesha watu.

Sasa nisikilize, mama kijacho. Shirika la Afya Duniani linasema karibu asilimia 10 ya wajawazito hupata tatizo la afya ya akili, hasa sonona. Si kudeka. Chuma miligramu 30 hadi 60 na foliki asidi mikrogramu 400 kila siku ndiyo mapendekezo yao. Vikikutapisha, sema, usivifiche. Kama unatumia dawa za sonona, usiziache ghafla bila daktari. Sema, nasema tena. Na wewe baba, acha kumwambia "kula kwa ajili ya mtoto." Menya tunda, kaa naye, nyamaza.

Yule wa pili? Wa kiume. Damu 11.6, mama anacheka, mayai yote yale, na wiki ya sita alilia kama dada yake. Safari hii mama mkwe akasema, "Huyu baba yake mtupu, naye alikuwa hivihivi."

Msomaji wangu nilimjibu kuhusu wiki ya sita. Kisha nikamuuliza leo amekula nini.

"Chai," akaandika.

Nikampigia.